Mdundo wa Nairobi, Sikio la Bungoma

Albamu mpya hutoka usiku wa kuamkia Ijumaa. Imekuwa hivyo tangu Julai 2015, kampuni za kurekodi muziki duniani zilipokubaliana kuwa na siku moja ya kutoa kazi mpya. Aliye Kilimani, Nairobi, na ana intaneti ya nyumbani, huisikiliza saa sita hiyo hiyo ya usiku. Kitale mjini huisikia asubuhi, watu wakishanunua bando. Kiminini, Kamukuywa na Misikhu huisikia wikendi, matatu zikipita. Na kule ndani zaidi, Tongaren, Sirisia na Cheptais, wimbo mpya mara nyingi huingia kijijini kupitia spika za disko matanga, zile dansi za usiku wa kuamkia mazishi.

Nimeanza na safari hiyo kwa sababu nataka kuizungumzia rapu, pamoja na muziki wa wasanii wanaojitegemea, jinsi inavyosikika huku kwetu. Uchambuzi wa albamu tunaosoma huandikwa na watu wa mji mkuu wanaojua Umoja iko wapi na Kayole inaishia wapi. Sisi tulio chini ya Mlima Elgon mitaa hiyo tunaijua kwa nyimbo tu. Kwa maoni yangu, hilo linatufanya waamuzi bora kuliko tunavyodhaniwa. Msanii akitaja kwao nasi tukapaona, amefaulu. Tusipopaona, amepiga kelele.

Redio yetu kubwa ni barabara ya kutoka Kitale kwenda Bungoma. Gari likijaa, dereva huchomeka flashi hata kabla makanga hajafunga mlango. Flashi hizo hujazwa na vijana wa vibanda vya muvi, wale wenye kompyuta moja na spika mbili karibu na kila steji. Unampa kijana flashi na pesa kidogo, naye anakuuliza, "Nikuwekee gani, mkubwa? Za klabu ama rumba?" Msanii haulizwi. Albamu haiulizwi. Unachopewa ni mseto wa dijei: wimbo unaingia, kiitikio kinapita, unasikia nusu ya ubeti wa kwanza, kisha dijei anapaza sauti kutangaza jina lake na wimbo mwingine unaukata ule wa kwanza. Mpaka mfike Webuye mmepitia nyimbo chungu nzima, na hakuna hata mmoja uliofika ubeti wa pili.

Jambo hili linaniuma. Ubeti wa kwanza wa rapu ni wa kujitambulisha: mimi ni nani, natoka wapi, nani hanitishi. Ubeti wa pili ndio unaoonyesha kama mtu ana la kusema baada ya kujisifu. Mseto wa dijei umewafanya vijana wetu wazijue nyimbo kwa vichwa vyao tu, na wanapoanza kutunga zao wanatunga vichwa vitupu.

Kizazi changu kiliijua rapu kwa kaseti. Mwishoni mwa miaka ya tisini, wimbo wa "Tafsiri Hii" wa Kalamashaka ulipotufikia, kaseti ilisikilizwa mpaka ikaisha, ikageuzwa, ikasikilizwa tena. Betri zikichoka zilianikwa juani, zikarudishwa kwenye redio zikiwa na moto kidogo. Hatukuwa tumekanyaga Dandora, mtaa wao wa Nairobi. Lakini wale vijana watatu walituingiza humo kwa Kiswahili na Sheng, tukaona njia, tukaona polisi, tukaona kijana aliyemaliza shule na hana pa kwenda. Baada yao E-Sir alituletea South C, kabla ya ajali kumchukua Machi 2003. Jua Cali akaifanya California iwe mtaa ambao kila mtoto wa Kitale anaujua. Octopizzo aliibeba namba nane ya matatu za Kibera hadi ndani ya jina lake. Mtu anaweza kuandika historia nzima ya rapu ya Kenya kwa kufuata majina ya mitaa, na kila aliyedumu alikuwa na kwao.

Kwa kipimo hicho, kazi ya miaka ya karibuni iliyonishika zaidi ni "Victims of Madness" ya kundi la Wakadinali. Ilitoka 2020, mwaka wa korona, wanafunzi wengi wakiwa wamekaa nyumbani miezi na miezi. Mpwa wangu, ambaye sasa anasoma Chuo Kikuu cha Kibabii, ndiye aliyeniwekea. "Khocha, sikiza hii mpaka mwisho," aliniambia. Mpwa akikuita khocha hivyo, kwa Kibukusu, huna njia ya kukataa. Kwetu mjomba ana kazi zake kwa mtoto wa dada yake, na ile ya kumvika luliki, ukanda wa nyama ya ng'ombe, wakati wa jando ni moja tu kati ya hizo.

Nilisikiliza. Mara ya kwanza nilishindwa na Sheng yake na ikabidi mpwa anifasirie kila baada ya mistari michache. Besi ya drili, mtindo wao wa rapu, iliniteleza chini ya miguu. Lakini kabla sijaelewa maneno nilielewa sauti. Scar Mkadinali, Domani Munga na Sewersydaa, wale watatu wa kundi hilo, hawafanani hata kidogo, na hakuna anayemwiga mwenzake. Mmoja anapomaliza mwingine haanzi pale pale. Anasubiri kidogo, anaingia kwa mwendo wake. Nilipenda pia kwamba hawamwombi mtu radhi kwa lugha yao. Wanasema wanavyosemezana mitaani Eastlands, Nairobi, na anayetaka kuelewa atasogea. Nilisogea. Maana ilipoanza kufunguka nilikuta mizaha mikali, majina ya mitaa, vita vya maneno vilivyopangwa vizuri, na huzuni ya watu waliozika marafiki wengi mapema.

Lakini kuna mahali rapu ya aina hii hunishinda. Drili, tangu izaliwe Chicago na kukomaa London, hupenda majigambo ya silaha, na vijana wetu wa Nairobi hawakuyakwepa. Jijini huenda hilo likachukuliwa kuwa pambo. Huku ni kitu kingine. Kati ya 2006 na 2008 kundi la wapiganaji la SLDF liliwasha vita vya ardhi Mlima Elgon. Liliua, liliwakata watu masikio, lilifukuza maelfu kutoka mashambani mwao. Machi 2008 jeshi lilipanda mlimani kwa Operesheni Okoa Maisha, nayo ikaacha malalamiko yake ya mateso na ya wanaume waliochukuliwa na hawakurudi. Aliyekuwa mtoto Cheptais au Kopsiro wakati huo leo ana umri wa kusikiliza drili. Mpwa wangu ana rafiki wa huko ambaye anawajua Wakadinali mstari kwa mstari, lakini ukifika wimbo wa kusifu bunduki husema, "Hiyo ruka." Hatoi maelezo, na wenzake huiruka. Sijasoma uchambuzi wowote wa albamu uliosema mengi kama neno hilo lake. Dharau kwa wanawake, iliyojaa katika nyimbo hizi, nayo ingefaa kurukwa hivyo hivyo, ingawa bado sijawaona vijana wakifanya hivyo.

"East Mpaka London" ya Buruklyn Boyz, ya 2022, niliipokea kwa baridi zaidi. Jina lake linasema ukweli wa albamu yenyewe: mguu mmoja uko Buruburu, mwingine uko Uingereza. Mdundo umepigwa kwa ustadi, na vijana hao wawili wanajua kuendesha maneno juu yake. Nilichokosa ni Buruburu yenyewe. Nilitaka niione mitaa ile ya nyumba zenye ua mdogo ambayo watu wa zamani huisimulia. Nikapata London zaidi.

Kisha ikaja arbantoni. Mwaka wa 2024 hukuweza kupanda gari Kitale bila kuisikia. Vijana walichukua nyimbo zilizotamba Kenya miaka ishirini iliyopita na midundo ya densihol ya enzi hizo, wakaziongeza kasi, wakarapu juu yake. Nilipenda ilivyowachangamsha abiria. Mama wa makamo aliyebeba kuku hutabasamu kwa sababu anautambua wimbo wa siku zake za sekondari, na kijana aliye kando yake anaimba maneno mapya. Mara chache muziki mpya huwaweka watu wa rika hizo mbili upande mmoja. Wasiwasi wangu ni kwamba ghala la nyimbo za zamani lina mwisho. Kuna aliyezitunga nyimbo hizo kwa jasho, na sina hakika kila aliyezitumia alimlipa.

Na kuna "Anguka Nayo" ya Wadagliz. Ulikuwa wimbo wa kucheza, wa kuinama na kuinuka. Ilipofika Juni 2024, vijana walipojitokeza kuupinga Muswada wa Fedha, wakauchukua wimbo huo na kwenda nao barabarani, si Nairobi tu bali pia katika miji mingi ya mashambani. Nilipousikia ukiimbwa na umati, bila spika, bila dijei wa kuukata, uligeuka wimbo mwingine kabisa. Tarehe 25 mwezi huo watu waliuawa kwenye maandamano. Tangu hapo ukipigwa kwenye matatu, kuna abiria wanaouimba na kuna wanaonyamaza, na nadhani wote wanakumbuka jambo moja.

Upande wa wanaojitegemea, wale wanaotunga na kutoa muziki wao wenyewe bila kusubiri kampuni kubwa, wanawake wametangulia. "Asali" ya Maya Amolo, ya 2022, niliisikiliza wakati wa mavuno, nikiwa kwenye foleni ndefu ya malori ya mahindi nje ya maghala ya Bodi ya Nafaka. Kwa kweli si albamu ya foleni ya mahindi. Ni muziki wa chini chini, wa mapenzi na maumivu yake, na sehemu kubwa imeimbwa kwa Kiingereza. Lakini ilinituliza. Maya hapigi kelele. Anaimba kama mtu asiye na haraka ya kukushawishi, na mdundo unamwachia nafasi. Ukiniuliza kwao ni wapi kwa kusikiliza albamu hiyo, nitashindwa kukujibu. Ingeweza kurekodiwa Lagos au Toronto. Labda mapenzi hayahitaji mtaa, lakini mimi ningependa kujua ni mvua ya wapi inayonyesha dirishani mwake.

Njerae ananiridhisha zaidi. "Aki Sioni" ya 2025 ilienea kwenye saluni za Kitale bila kusukumwa na tangazo lolote nililoliona. Sababu yake iko wazi: anaimba wasichana wanavyoongea. Hakuna mstari unaoonekana umetafutwa kamusini. Nimewasikia wasusi wawili wakiuimba kwa kupokezana, mmoja akianza sentensi na mwenzake akiimaliza, mikono ikiendelea na kazi. Huo nao ni uchambuzi wa muziki.

Bien nilimsubiri kwa hamu kuliko wote. Sauti Sol walipoamua kupumzika na kuagana na mashabiki kwenye Sol Fest ya Novemba 2023, yeye alitoa albamu ya peke yake, "Alusa Why Are You Topless?" Kumwona Mluhya akiweka jina la kwao juu ya albamu ambayo dunia ingeisikiliza kuliniinua moyo. Nilidhani jina hilo lingefungua mlango wa Magharibi. Sauti yake bado ni ile ile pana, na nyimbo zimeshonwa vizuri, lakini safari ya albamu ilikuwa ya mapenzi na starehe za mji. Haki yake. Mimi nilitamani angalau wimbo mmoja wenye isukuti ndani yake, ngoma zile tatu za Isukha na Idakho zinazokuvuta usimame hata kama umechoka. Nilipoteza subira mapema, nikairudia baada ya wiki kadhaa, na bado nautamani.

Toleo jipya lililonigusa kuliko yote lina muziki uliopigwa kabla sijazaliwa. George Mukabi wa Kisa, bingwa wa gitaa la omutibo, alifariki 1963. Mwaka wa 2017 kampuni ndogo ya Marekani, Olvido, ilikusanya nyimbo zake kwenye albamu ya "Furaha Wenye Gita". Gitaa lake linaenda njia mbili kwa pamoja, besi kwa kidole gumba na wimbo kwa kidole cha shahada, huku chupa ya Fanta ikikwaruzwa kando kuweka mwendo. Chupa ya soda! Vijana wanaoniambia hawawezi kutengeneza biti bila programu ya bei ghali nawapigia Mukabi. Kinachonisikitisha ni kwamba ilibidi watu wa ng'ambo ndio watafute sahani hizo na kuzitoa upya, ilhali huku kwetu ziliozea kwenye masanduku.

Maana sisi si watu wasio na maneno. Anayedhani rapu ni kitu cha kuletwa Bungoma kutoka Nairobi hajawahi kukaa kwenye kumuse. Mzee wa Kibukusu mwenye heshima yake akishazikwa, huitwa msemaji wa kumuse. Kazi hiyo haifanywi na kila mtu. Iko kwenye koo fulani na hurithiwa. Watu hukaa pembeni na kumwachia uwanja. Yeye husimama katikati na fimbo yake, akaanza kutembea, akienda na kurudi, na mwendo wa miguu yake ndio mdundo. Huanza mbali, kule ambako jadi inasema Babukusu walitokea, Misri, akashuka na safari, akataja koo, akataja marika: Kolongolo, Maina, Chuma, Sawa. Akishafika nyumbani kwa marehemu hageuki kuwa mpole. Huwakemea wana wanaogombania shamba kaburi likiwa bichi. Huwakemea walevi, huwakemea wanasiasa, na wakiwepo huwakemea machoni. Hana karatasi mkononi. Anaweza kuendelea kwa saa nyingi. Hakuna anayemkatiza, na hapana dijei.

Marehemu Manguliechi, aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote katika kazi hiyo, alifuatwa na wasomi wa fasihi waliorekodi na kuandika maneno yake. Nimesikiliza rekodi zake usiku mmoja na albamu za rapu, moja baada ya nyingine, kwa makusudi. Pumzi, mkato wa maneno, fumbo linaloachwa hewani mpaka wasikilizaji walikamate, tusi lililovishwa heshima, yote yamo. Kilichomzidishia nguvu ni kwamba alijua anamwambia nani. Kila jina alilolitaja lilikuwa na mtu aliyekaa pale akisikia.

Kuna pia khuminya. Kila mwaka wa shufwa, mwezi wa Agosti ukikaribia, vijana wa jando huzunguka kwa jamaa wakipiga njuga za chinyimba, na kundi linawafuata likiimba. Kiongozi wa wimbo hutunga papo hapo. Akimwona shangazi mchoyo, shangazi anaingia kwenye wimbo. Akiona nyumba mpya ya mabati, inaingia. Umati unaitikia, naye anapata sekunde chache za kutafuta mstari unaofuata. Mpwa wangu na wenzake hushindana kurapu kwa kutunga papo hapo kwenye hosteli, wakidhani wamejifunza mchezo huo kutoka Marekani. Niliwakumbusha nani aliwaongoza wakiwa watoto, wakipita Chwele na njuga mkononi. Walicheka, wakakubali.

Walioona mapema kwamba rapu inaweza kusimama juu ya sauti za kwao walikuwa vijana wa Arusha, Tanzania. X Plastaz walitoka mbali na Dar es Salaam, ambako studio na redio zilikuwa, wakakataa kuiga jiji hilo. Walimchukua Merege, mwimbaji wa Kimaasai, wakaiweka sauti yake katikati ya rapu ya Kiswahili, na albamu yao ya 2004, "Maasai Hip Hop", ikafika Ulaya. Ukiisikiliza leo huwezi kukosea kwamba watu hawa ni wa Arusha. Fid Q naye aliibeba Mwanza mgongoni bila kuomba ruhusa ya mtu. Nikiuliza nani aliibeba Kitale hivyo, mji wenye Wabukusu, Wasabaoti, Wapokoti, Waturkana, Wakikuyu na Wakisii kwenye soko moja, sipati jibu la kuniridhisha. Vijana wanarekodi, hilo nalijua. Nimesikia kazi zao nyingi. Wengi wao wanarapu kuhusu Kayole.

Sehemu ya lawama ni ya njia. Redio za huku, Sulwe FM ya Kibukusu na West FM ya Bungoma zikiwemo, zinawapa nafasi waimbaji wa lugha zetu, lakini rapa anayechanganya Kibukusu na Sheng hukuta mlango umefungwa pande zote: kwa wazee ni mhuni, kwa Nairobi ni mshamba. Kwenye mitandao mambo si mepesi pia. Spotify iliingia Kenya Februari 2021, na tangu 2024 wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi chochote. Kwa msanii wa jiji idadi hiyo inapatikana kwa wikendi moja. Kwa kijana wa Kimilili ambaye wasikilizaji wake hupata nyimbo kwa flashi, mtandao huo haumwoni kabisa, hata kama kila bodaboda ya tarafa yake inaupiga wimbo wake.

Inabaki disko matanga, na hapo nazungumza kwa uchungu. Usiku wa kuamkia mazishi, spika hufungwa kwenye miti, jenereta ikawashwa, vijana wakaja kutoka vijiji vitatu vinne. Machifu wamepiga marufuku mara nyingi, na wana sababu: wasichana wamedhulumiwa kwenye giza hilo, mimba za watoto wa shule zimetokea hapo. Siwezi kuitetea. Lakini nasikitika kwamba mahali pekee ambapo muziki mpya hukutana na kijiji kizima pamekuwa mahali ambapo mzazi hawezi kumwacha binti yake. Boma lile lile, siku chache baadaye, hukaa kimya kumsikiliza msemaji wa kumuse. Vijana wakati huo wameshaondoka na spika zao.

Mwezi uliopita mpwa wangu alinitumia wimbo wake wa kwanza. Ameurekodi kwa simu chumbani, akiwa amejifunika blanketi ili kuzuia mwangwi, juu ya biti aliyoipata mtandaoni. Niliusikiliza mpaka mwisho, kama alivyoniomba siku ile ya Wakadinali. Ubeti wa kwanza ni Kayole, bunduki na gari ambalo hana. Nilimpigia simu.

"Kayole ulienda lini?"

"Sijawahi kwenda, khocha. Lakini ndiko rapu inatoka."

Ubeti wa pili ni mtu mwingine kabisa. Humo kuna mama yake, dada yangu, akinunua mbolea ya ruzuku mwaka wa 2024, ule mwaka wa mbolea bandia. Kuna mahindi yaliyotoka ya manjano mpaka Juni, na deni la duka. Kuna mistari minne ya Kibukusu ambamo anamwuliza marehemu babu yake, kwa jina la rika lake, kama shamba hili ni lile lile alilowaachia. Mdundo unamzidi kasi na pumzi inamkatikia mara mbili. Lakini nilipaona. Niliiona hata ile kona ya shamba karibu na mti wa mkuyu ambako mahindi hayajawahi kustawi, na hakuitaja.

Nilimwambia aufute ubeti wa kwanza wote, aanze na ule wa pili, kisha atunge mwingine wa kuufuata. Alibisha usiku kucha kwenye simu, asubuhi akakubali. Sasa tunabishana kuhusu litungu. Chwele kuna mzee anayelipiga, nyuzi zote saba zikiwa nzima, na amekubali tumrekodi. Mpwa anataka sekunde nne tu za litungu hilo, azikate na kuzirudia chini ya maneno yake mwanzo hadi mwisho, kama watengeneza biti wanavyofanya. Mimi nataka mzee aachwe apige wimbo mzima, na kijana atafute pa kuingilia. Jumamosi tunaenda wote wawili, na mzee ameshasema kwamba yeye hapigi kabla ya kujua ni maneno ya nani yatakayowekwa juu ya nyuzi zake.